Pini ya Mkokoteni

Masinde hakuwa mtu wa kuamini watu. Jirani asiyemsalimu kila siku akimwambia "niaje, fundi" asubuhi, Masinde alishinda akijiuliza, huyu leo anataka nini? Karakana yake pale Kayole aliizungushia magunia pande zote, ndani kukawa na joto la kuoka mkate. Ati watu wasichungulie.

Mwaka ule wa tisini na sita, lakini, alikuwa na cha kuficha. Kayole nzima ilikuwa ikijengwa. Kila siku gorofa jipya, na kila gorofa lataka kokoto na mchanga. Lori hazikuweza kupenya vichochoroni, kwa hiyo mzigo uliingia kwa mkokoteni, kisha watu wakaupakua kwa sepetu hadi viuno vikatike. Masinde akawaza, kwa nini mkokoteni usijimwage wenyewe kama lori la tipa? Akatafuta ekseli ya Datsun iliyokufa zamani, akachomelea fremu juu yake, na juu ya fremu akaweka sanduku la bati nene. Kwa nyuma sanduku lilishikwa na bawaba. Kwa mbele lilifungwa kwa pini moja ya chuma, nene kama dole gumba. Ukiichomoa pini, sanduku linainuka mbele, mzigo unateremka nyuma, kazi imekwisha.

Mnyapara mmoja wa mjengo mkubwa, Zedekiah, alisikia habari hizo akaahidi kuja Jumamosi kuona kwa macho yake. Ukimridhisha, mjengo wote ungetumia mikokoteni ya Masinde na Odera.

Ndiyo, na Odera. Huyo ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa ndani ya magunia yale. Walikuwa vibarua pamoja kiwandani, wakafutwa siku moja, wakaanza kuchomelea madirisha pamoja. Masinde alipolazwa na homa ya matumbo, Odera ndiye aliyempelekea uji kutoka mtaa wa Tena alikokuwa akiishi, kila siku, kwa miguu. Kama kulikuwa na binadamu wa kuaminiwa chini ya jua, alikuwa Odera.

Kuujaribu mkokoteni kulitaka mtu asimame mbele, katikati ya ile mikono miwili ya kuvutia. Wavutaji walijaa tele barabarani, na yeyote angekuja akikimbia. Masinde akakataa katakata.

"Ukimwita mmoja leo, kesho Kayole yote ina mkokoteni wangu!"

Basi akamwita nani? Mkewe, Nasambu. Mwanamke wa Webuye, mwenye mabega ya kubeba miwa tangu utotoni. Nasambu akasimama kati ya mikono, Masinde akachuchumaa kutazama bawaba, Odera akachomoa pini. Sanduku likaanguka nyuma kwa kishindo, na mikono ikaruka juu ikampiga Nasambu chini ya mbavu. Akajishika tumbo, akacheka kidogo.

"Mkokoteni wako una hasira kama mwenyewe."

Masinde naye akacheka. Odera hakucheka.

"Tuuwekee mguu hapa mbele," alisema. "Mguu ushikilie fremu, mtu asisimame hapo kabisa."

"Mguu tutauweka baadaye. Jumamosi hii hapa, bwana!"

Asubuhi ya pili, pini haikuwepo. Masinde alipekua kila kona, akalaani, akakata nyingine. Asubuhi iliyofuata, hiyo nayo haipo. Hapo damu ikamchemka. Mkokoteni ulilala uani, nyuma ya magunia, na mlango wa ua ulikuwa na kufuli yenye funguo mbili. Mmoja ulikuwa shingoni mwake, wa pili ulikuwa kwa Odera.

Shaka ikiingia, lo, haikai mahali pamoja. Masinde akaanza kukumbuka. Kwani Odera si ndiye aliyetaka wachelewe kwa habari za mguu? Na mbona siku hizi hamtazami usoni? Alhamisi mchana, akitoka kununua welding rodi, alimwona Odera ng'ambo ya barabara na Luseno, fundi ambaye Masinde hakumpenda hata kidogo. Odera alikuwa amechuchumaa akichora mchangani kwa kijiti. Alipomwona Masinde, akaufuta mchoro kwa kiatu.

Akaufuta! Masinde aliona mwenyewe, hakuambiwa.

"Pini yangu iko wapi?" alimuuliza walipofika ndani ya magunia.

"Sina pini yako."

"Nani anayo?"

Odera akageuza macho upande wa ploti ya jirani. "Siwezi kusema."

"Huwezi kusema! Unakula nami, unalia nami, halafu unaniuza kwa Luseno, na huwezi kusema!"

"Masinde, uweke huo mguu. Nakuomba hilo tu."

"Toka."

Odera akauweka ufunguo juu ya fuawe. Sanduku lake la vyombo hakulibeba. "Baki nalo," alisema. "Ulipekue vizuri."

Na Masinde, jameni, alilipekua. Alimwaga nyundo, misumeno na spana zote chini. Pini haikuwemo. Mtu mwingine angeshtuka hapo. Yeye alijisemea tu kwamba Odera ni mjanja kuliko alivyodhani.

Nyumbani Nasambu aliposikia, aliacha kukoroga ugali. "Umemfukuza Odera? Odera huyu wetu?"

"Mwizi hana wetu."

Nasambu alifungua mdomo kusema neno, akaufumba. Masinde aliliona hilo pia. Usiku ule alilala na jicho moja wazi, akiwaza kama hata mkewe yumo.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakumfikiria kabisa, na ni mama mkwe wake. Mama Mulongo alikuwa ametoka Webuye kuja kutibiwa macho. Alilala kwa Ayuma, ploti ya jirani, kwa sababu kwao mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, hampi mkono, wala hasemi naye. Wakikutana njiani yeye alijitanda leso usoni na kupisha pembeni, na Masinde akatazama viatu vyake mpaka apite. Wiki mbili alikuwa hapo, na Masinde asingeweza kukwambia hata sura yake.

Ijumaa alikata pini ya tatu. Akaipachika pale pale mbele ya sanduku, akajaza mkokoteni mawe hadi pomoni, kwa sababu Zedekiah hangekuja kuona mkokoteni mtupu, akamwita Nasambu. Nasambu akaja polepole. Akaishika mikono ya mkokoteni, akakaza uso.

"Uko tayari?"

"Niko tayari."

Masinde alikuwa ameshaigusa pini gunia la upande wa Ayuma lilipofunuka. Mama Mulongo akaingia. Akasimama akiwapa mgongo, leso imemfunika kichwa chote, akaweka kitu chini. Pini mbili.

Masinde akaduwaa. Kwanza akainamisha macho, kama ilivyompasa. Kisha akaziona zile pini vizuri, akaiachilia ile aliyokuwa ameigusa.

"Wewe mkokoteni, sikia," mama yule alisema. "Nasema na wewe, sisemi na mtu mwingine. Siku ile uliporuka, nilikuwa kwa Ayuma nikichungulia. Ulimpiga binti yangu tumboni. Ukimpiga tena, utaniulia mjukuu."

"Mama!" Nasambu alilia.

"Nyamaza, sisemi na wewe pia. Mkokoteni, huyu ana mimba. Ile ya mwaka jana ilitoka, unajua. Hii anaogopa kuitaja kabla haijatulia. Nilimkataza kusimama hapo. Akaniambia mumewe hana mtu mwingine anayemwamini, na Jumamosi ikiharibika moyo wake utavunjika. Ningefanyaje? Mdomo wa kusema na mwenye nyumba hii sina. Nina mikono tu. Nikaiba."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akigonga bati.

"Na yule Odera alinikuta alfajiri, nimeishika pini mkononi. Nilimwapisha asiseme, kwa sababu jambo hili lilikuwa la binti yangu kulisema. Akaniambia, mama, mimi nitatafuta jinsi ya kuweka mguu, nitauliza hata kwa Luseno. Sasa nasikia ameitwa mwizi. Mwizi ni mimi."

Masinde alihisi uso ukimuwaka. Alitaka kuomba msamaha, na hata hilo hakuwa na ruhusa ya kumwambia uso kwa uso. Akaenda mbele, akaibana mikono ya mkokoteni kwa kwapa lake ili isiruke, akamtoa Nasambu pale taratibu.

"Mkokoteni umesikia," alisema, akiyatazama magurudumu. "Umesikia, na unaona haya."

Mama Mulongo aliitikia kwa kichwa mara moja, akarudi alikotoka.

Jumamosi asubuhi, saa ambayo Zedekiah alikuwa akitarajiwa, Masinde aliyafungua magunia. Aliyapakua mawe, akapakia sanduku la Odera, nyundo zake na fuawe waliyokuwa wakiitumia pamoja, akaingia mwenyewe kati ya mikono. Tangu auunde mkokoteni ule hakuwahi kusimama pale. Chuma kilimgusa tumboni kila gurudumu lilipoingia shimoni. Njiani wavutaji walimzingira, wakainama kuchungulia bawaba, wakaulizana vile kitu hiki kinavyofanya kazi. Mmoja alilala kabisa chini akatazama ekseli. Masinde aliwaacha watazame. Kama kuna mtu alitaka kuiba, aibe tu. Yeye alikuwa akienda Tena.

Alipofika, aliusukuma mkokoteni kinyumenyume hadi mlangoni, akaita. Odera alifungua mlango akiwa na fulana ya ndani. Alimtazama Masinde aliyetota jasho, akautazama mzigo, hakumkaribisha.

"Mama mkwe amesema," Masinde alianza. "Amesema yote. Odera, ndugu yangu, nimekukosea. Nimekukosea vibaya."

"Pini iko?"

"Iko mahali pake."

"Usitoke hapo. Simama vivyo hivyo."

Masinde alielewa. Angeweza kuruka kando, lakini alisimama. Odera akazunguka, akaichomoa pini. Sanduku likaanguka nyuma kwa kishindo, fuawe na vyombo vyote vikamwagika mlangoni, na mikono ikaruka ikampiga Masinde chini ya mbavu hadi akapiga magoti. Pumzi ilimtoka yote. Machozi yakamjaa, na hayakuwa ya maumivu tu.

"Umeona?" Odera aliuliza.

"Nimeona."

"Basi mkokoteni unamwaga vizuri. Sasa okota."

Masinde akajikokota mpaka mlangoni, akaanza kuokota. Spana, nyundo, koleo, kimoja kimoja, akikipangusa kwa shati na kukirudisha sandukuni. Odera aliegemea mlango akimtazama. Alipofikia msumeno uliokuwa umeteleza hadi kizingitini, Masinde aliona chuma kimeegemezwa ukutani ndani ya chumba. Kilikuwa mguu wa mkokoteni, umekatwa kwa kipimo cha fremu yake, umetobolewa tundu la bawaba, umepakwa hata rangi, na rangi ilikuwa imeshakauka.

"Nasambu yuko vipi?" Odera aliuliza.

"Amepumzika. Mama yake yuko naye."

Odera akaingia ndani. Masinde alimsikia akiuinua ule mguu ukutani, naye akainama, akaendelea kuokota.