Nyota Kwenye Picha Mbovu

Diski ya chumba cha eksirei ilikuwa imejaa pomoni, na upande wa pili wa ukuta daktari wa upasuaji alikuwa ameshavaa glavu, akisubiri picha ya nyonga ya bibi mmoja aliyeanguka bafuni. Mashine ilikataa kuhifadhi hata picha moja zaidi. Mtaalamu wa kompyuta, dada mmoja, hakuwa na njia ila kufuta picha mbovu, nafasi ipatikane.

Picha mbovu zilijulikana. Wapigapicha wa pale, tangu enzi za bahasha za karatasi, walikuwa wakiitia nyota picha ya kurudiwa. Kompyuta zilipokuja hawakuacha mazoea yao. Jina la faili likawa "kifua * rudia", nyota katikati, nafasi huku na huku. Asubuhi ile dada huyo alikuwa ameandika skripti, yaani mfululizo wa amri za kompyuta, ya kuyasoma majina hayo na kuyakabidhi, moja baada ya jingine, kwa skripti ya zamani inayofuta. Ile ya zamani aliiacha mtangulizi wake, mstaafu waliyembandika jina la Mzee Breki, maana kila alichoandika lazima kisite mahali. Dada huyu alikuwa amemcheka mara nyingi, tena bila huruma.

Akatoa amri. Breki ikashika.

"Nilitarajia jina moja. Nimepokea 3,118. Sijafuta kitu."

"Huyu mzee naye," akasonya. "Hata kustaafu hajastaafu."

Simu ya chumba cha upasuaji ikaanza kulia. Akaifungua skripti ya mzee aung'oe ule mstari unaohesabu majina kabla ya kufuta, kisha macho yakarudi kwenye namba, akaondoa mikono kwenye kibodi. Picha zote za hospitali zilikuwa 3,116. Ongeza "kifua", ongeza "rudia".

Katika skripti yake alikuwa amesahau kulizungushia jina alama za kunukuu. Bila hizo jina lilikatika vipande, na nyota ikabaki peke yake. Kwa kompyuta, nyota ya namna hiyo maana yake ni kila kilichomo humu. Angeung'oa mstari ule, vifua na mifupa ya watu wote wale vingekwenda na maji.

Akatia alama mbili, moja kila upande wa jina. Safari hii likafika zima. Picha mbovu zikafutika, ya nyonga ikaingia, simu ikanyamaza.

Mchana akampigia mzee.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmeharibu nini?"

Akamweleza yote bila kuficha, hata kule kusonya. Akashukuru, akarudia kushukuru.

"Mstari ule niliuandika baada ya mimi mwenyewe kufuta," mzee akasema polepole. "Picha za mwaka mzima. Nikapiga simu kwa wagonjwa, mmoja mmoja, waje wapigwe upya. Mmoja sikumwahi. Alikuwa ameshafariki."

Kisha mzee akauliza:

"Na huyo bibi wa leo?"

"Tumemwahi, mzee. Yuko wodini, anaomba chai."

Mzee akajikohoza.

"Basi ahsante, mwanangu," akasema. "Ahsante sana."