Viti Vilivyomwelekea Mshonaji

Jumamosi saa nne asubuhi mshonaji alimaliza pindo la joho la mzee wa kanisa, akakata uzi kwa meno. Lilikuwa la vipimo vyake mwenyewe. Mchungaji ndiye aliyemwambia hivyo mwezi uliopita, akiwa mlangoni pa duka lake: "Dada, jipime mwenyewe. Safari hii ni wewe."

Kwa miaka kumi na miwili mama huyu ndiye aliyeongoza ziara za wagonjwa kila Alhamisi, akapatanisha wanandoa, akafundisha waliojiandaa kwa ubatizo. Mchungaji mwenyewe alipitia darasani kwake, enzi zile hajui hata kufungua Biblia.

Jumapili mchungaji alilitoa joho begini, akamvika shemeji yake, kaka wa mkewe. Lilimwishia magotini.

"Baraza limezipima karama," alisema bila kuangalia benchi la nyuma, alikokaa mshonaji. "Dada yetu ana karama ya kuhudumia. Kuongoza ni wito mwingine."

Mshonaji aliumia, tena sana. Mtu aliyefundishwa kusali na yeye alikuwa amemuuza mchana kweupe, na joho amelishona yeye.

Mikono ilipowekwa kichwani mwa shemeji, viti vyote mia moja na arobaini viligeuka nyuma, watu wakiwa wamevikalia, vikamwelekea mshonaji. Mama mmoja akamwambia mwanawe aweke miguu vizuri. Mchungaji akamalizia maombi akitazama visogo.

Jumatatu seremala alikuja akavifunga viti sakafuni kwa skrubu ndefu. Jumapili iliyofuata vikageuka na vipande vya saruji. Seremala akasema kazi yake haina kasoro, ila viti vyenyewe ni vikaidi.

Mshonaji akaacha kwenda kanisani. Basi viti vikaelekea dirishani, upande wa mtaa wake, na kwa wiki tatu waumini wakahubiriwa ubavuni. Shingo zikaanza kuwauma. Hapo ndipo mchungaji alipokumbuka njia ya dukani. Alifika na joho mkononi, na mshonaji alipoliona akainuka haraka. Akampangusia kiti.

"Dada, rudi. Viti vinatusumbua."

"Nirudi kama nani?"

"Tumekuwekea kigoda mbele, chini ya mimbari. Ukikaa pale, vitaelekea mbele."

"Na kuwekewa mikono?"

"Hilo limeshapita, dada. Tusilifufue."

"Uliniambia nijipime."

"Nilisema, ndiyo." Mchungaji alilikunjua joho mezani. "Shemeji anaomba umshushie pindo kidogo. Watoto wanamcheka."

Mshonaji alilivuta joho kwake. Pindoni alikuwa ameacha akiba ya kitambaa, kama anavyofanya kwenye kila nguo. Akachukua wembe, akaanza kufumua nyuzi zake mwenyewe, moja moja, na machozi yakamdondokea mikononi. Mchungaji akasubiri amalize, maana alikuwa na kikao mchana.

Jumapili mshonaji alikwenda, kwa sababu wagonjwa wa Alhamisi walikuwa wanamwulizia. Akakaa kwenye kigoda, uso kwa waumini. Viti vyote mia moja na arobaini vikaelekea mbele bila kelele, na karani wa kanisa akaandika kwamba tatizo la viti limekwisha.

Shemeji akapanda mimbarini, nyuma ya mshonaji, joho likimfika vifundoni. Akamshukuru Mungu kwa karama ya uongozi, maana tangu aanze kazi hajapata kuona watu wakimtazama namna hii.