Tundu la Kifuniko cha Tangi

Kabla hujasoma mstari wa pili, naapa. Naapa kwa Mlima Meru na ubavu wake uliopasuka, naapa kwa meno yangu sita yaliyobaki: haya yote ni kweli tupu. Na kama kiapo hakikutoshi, basi nilitia na rehani. Siku ile tuliyokaa kwa Sakaya, rika langu, pale Kaloleni, tukinywa pombe ya asali, nilitamka mbele ya watu: "Atakayenikamata na neno moja la uongo, achukue kondoo dume wangu." Kondoo mwenyewe mtaa mzima unamjua. Akitaka kulala, mkia wake wa mafuta hufika chini kwanza, mwili ukafuata baadaye.

Nikaanza kusimulia.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, mwaka mmoja kabla hajapigana na Mwingereza. Reli iliishia Moshi. Kutoka hapo hadi Arusha mzigo ulikuja kwa magari ya ng'ombe au kwa vichwa vya watu. Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Miwani akaleta lori, kuukuu, limekwisha chakazwa na wenzake huko kwao kabla ya kuvushwa bahari. Kuku wote wa Moshi walilijua kwa kikohozi chake.

Dereva wake alikuwa Solomoni, Mwarusha wa Ilboru, mtu wa kwanza wa upande wetu wa mlima kushika usukani. Alianza kama mpagazi, na utosini, pale mzigo ulipokuwa ukikaa, nywele hazikuota tena. Utingo wake nilikuwa mimi, Meitamei, morani mzima. Nilikuwa nikizungusha hendeli ya kuwashia kwa mkono huu huu wenye dole gumba lililopasuliwa na shoka nikichonga mzinga wa nyuki.

Siku hiyo tulipakia bati na misumari ya paa la kanisa. Bwana Miwani akapanda mbele, akasema, "Solomoni, mara mbili gari limelala njiani. Likilala na leo, nalivunja niuze chuma, nawe unarudi kubeba kichwani."

"Ndiyo, Bwana," akajibu Solomoni. Lakini niliuona mkono wake ukipapasa utosi.

Tukaondoka vizuri. Mbuga ya Sanya tuliikata kwa kasi hata vumbi letu likashindwa kutufuata, likageuka likarudi Moshi. Mara lori likakohoa, puh, puh, likanyamaza. Solomoni akafungua kifuniko cha tangi, akatumbukiza kijiti: petroli tele. Akafunga. Nikazungusha hendeli, likawaka kana kwamba lilikuwa likitutania.

Tulipofika Kikuletwa, puh, puh, kimya. Bwana Miwani akasema ni uchafu. Akafungua chujio, akamwambia Solomoni amchotee petroli tangini ya kulioshea. Likaoshwa, likarudishwa, lori likawaka. Bwana akafuta miwani yake kwa furaha.

Usa, likalala tena. Sasa Bwana alivua koti. Akatandika blanketi, akafumua kabureta kipande kwa kipande, akapuliza kila tundu. Solomoni akauvuta mrija kwa mdomo mpaka akacheua petroli, na nzi aliyepita mbele ya pumzi yake akaanguka amelewa. Kila kitu kisafi, wala petroli haiji.

Wakati huo wenye magari ya ng'ombe tuliowapita asubuhi wakatufikia.

"Solomoni!" akaita mmoja wao. "Huyo mnyama wako anakula nini? Tumkatie majani?"

"Wako anakula na kunya, na bado mnalala njiani siku tatu!"

"Sisi tunalala tukijua kesho ataamka!"

Wakapita wakicheka, na ng'ombe wao wakicheka. Naapa, nilimwona mmoja akicheka.

Bwana Miwani akavaa koti lake polepole. "Basi," akasema. "Solomoni, shusha bati moja ujitwike. Twende kwa miguu."

Hapo ndipo nikasimama mimi. Nikasema, "Bwana, subiri. Kibuyu cha pombe kikijaa, ukakiinamisha pombe ikaziba mdomo wote, haitoki, kwa sababu hewa haiingii. Na kila mara gari hili linapowaka, ni baada ya kifuniko kufunguliwa." Nikakifungua. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nikakikagua kifuniko juani: katikati pana tundu dogo kama jicho la siafu, limezibwa na vumbi. Nikalizibua kwa mwiba. Lori likawaka! Tukawapita wale wa ng'ombe hapo Tengeru, tukapanda kilima cha Themi kwa kishindo, na sauti yetu ikafika mjini kesho yake. Solomoni akashika usukani ule miaka mingi, kwa akili yangu mimi.

Pale kwa Sakaya watu walipiga makofi. Nikanyoosha kata nijaziwe.

"Shikamoo, baba mdogo," ikasema sauti mlangoni. Alikuwa Naeku, binti yake marehemu Solomoni, amekuja kumwona mke wa Sakaya. Sikujua amesimama pale tangu lini.

"Marahaba, mwanangu. Umesikia sifa za baba yako?"

"Nimezisikia zako. Tundu lilizibwa na nini?"

"Vumbi."

"Vumbi lenye alama ya dole gumba?"

Akafungua fundo la khanga, akatoa kikopo cha tumbaku. Ndani mlikuwa na kidonge cha nta ya nyuki, cheusi kwa uzee. Akampa Sakaya. Sakaya akakishika kwenye mwanga, kisha akaniambia, "Lete mkono."

Nilisema unaniuma. Wakaushika watatu. Ile alama ilikuwa na mfereji katikati kama kwato ya mbuzi, na dole langu likakaa humo kama kisu kwenye ala yake.

Nifanyeje? Nikasema kweli. Tulipotoka Moshi niliona petroli ikirukaruka kutoka katika kile kitundu. Kwetu, chombo cha asali chenye tundu ni karamu ya siafu. Unakiziba kwa nta, na mimi nta sikuikosa kiunoni. Nilijiona nimemzidi Mjerumani akili: katengeneza gari zima, kasahau tundu! Na pale Usa sikusimama wala kusema neno. Nilikuwa chini ya gari, kifudifudi, nikisali kwa Kimaa na kwa Kiswahili.

"Aliyewaza habari ya kibuyu ni baba," akasema Naeku. "Akaiona nta, akaona na dole. Akaificha kiganjani, akamwambia Bwana ni vumbi, usije ukapigwa viboko. Aliniambia, 'Huyo mwongo akizeeka, mwonyeshe.'"

Sakaya alicheka hata akamwaga pombe. "Meitamei! Kondoo!"

Asubuhi nilimburuta kondoo wangu kutoka Kaloleni hadi Themi, kwa Naeku, mkia ukifagia barabara, watu wakiniuliza kama nakwenda kuoa. Naeku akamfunga kwenye mgomba.

"Na hadithi?" akauliza.

"Hadithi gani tena?"

"Irudishe kwa mwenyewe."

Ndiyo hii nimeirudisha. Solomoni wa Ilboru, aliyekuwa mpagazi, ndiye aliyesikia gari likikosa pumzi wakati Mzungu na vitabu vyake anapuliza kabureta. Lori akalifikisha mjini, bati zikapanda paa, na hakubeba tena kichwani mpaka anakufa. Na mimi nilikuwa utingo wake. Hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Nilimwomba Naeku ile nta. Akafunga kikopo.

"Inabaki hapa, baba mdogo. Kondoo jike bado unaye."