Ziwa Lililofungiwa Stoo

Barua mbili zilikuwa mezani, moja imekandamizwa na kopo la sukari, nyingine na tochi. Ya chini ya kopo ilitoka shule ya mji wenye kiwanda cha saruji. Ya chini ya tochi ilitoka shule iliyo kando ya ziwa, na ndani ya bahasha yake kulikuwa na picha. Shule zote mbili zilikuwa katika nchi moja ya mbali, siku mbili kwa basi, na zote zilimtaka binti huyohuyo, mwalimu wa hesabu, mwenye cheti kizuri na jozi moja ya viatu vya kazini.

Mama yake alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Ya saruji aliimaliza upesi. Ya ziwa aliisoma mara tatu, kisha akaiegemeza picha kwenye chupa ya chai, akawa anaitazama huku anachambua mchele.

"Mama, hawa wa saruji wanatoa likizo kila muhula," binti alisema. "Na saa tisa unatoka kazini."

"Saa tisa unatoka uende wapi? Ukale vumbi?"

"Na mwalimu mkuu wao amepiga mwenyewe."

Kweli alikuwa amepiga, na aliomba aongee na mama. Alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito na haraka ya kazi. "Mama, sitakuficha," alisema. "Huku kwetu ni vumbi tupu. Ukianika shuka jeupe asubuhi, jioni unaanua la kijivu. Lakini mwanao nitamwangalia. Akiumwa, darasani nitaingia mimi." Mama alimshukuru, akakata simu, akamwambia binti yake kwamba mtu anayepasema vibaya kwake mwenyewe lazima ana jambo.

Kutoka ziwani hakupiga mtu. Picha ilitosha. Mama aliipeleka kwa jirani yake, fundi cherehani, naye akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akasema, "Mwenzangu, hapa mtu anafanya kazi au anastarehe?" Baada ya hapo hapakuwa na mjadala tena. Binti alisaini ya ziwa, shingo upande.

Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja na nusu. Mama alitaka asomewe vipengele vyote, na akasomewa. Kipengele cha tisa kilisema mwalimu atapewa chumba kimoja, kitanda kimoja, meza na mandhari. Mama alifurahi. Aliona hawa ni watu wa mpangilio, hata mandhari wameiandika. Hapo ndipo pa kuuliza, kwa yeyote anayesoma haya akiwa na binti na barua mezani: hiyo mandhari ni ya nani? Mama hakuuliza.

Mwezi wa kwanza binti alikuwa akipiga simu ya picha kila jioni, anaigeuza simu dirishani, na fundi cherehani anavuta kigoda aone vizuri. Mwezi wa nne ndege hawakuonekana. "Wamehama," binti alisema. Mwezi wa saba haikuonekana ng'ambo. "Ukungu." Mwezi wa kumi alianza kupiga akiwa ameisogeza simu usoni mpaka dirisha halionekani kabisa. Mashavu yake yalikuwa yamepungua. Mama alisema simu ile imeharibika, inawakondesha watu.

Mkataba ulipokaribia kuisha, mama alikata shauri aende akalione ziwa kwa macho yake. Alishona mapazia mawili ya buluu kwa kipimo alichokikisia kwenye picha, akaaga mtaa mzima, akapanda basi. Alifika Jumatano, miguu imevimba.

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, namba kumi na mbili. Kilikuwa na kitanda, meza, na madaftari ya wanafunzi yaliyopangwa sakafuni hadi usawa wa goti. Chini ya kitanda kulikuwa na begi lililofungwa. Dirisha lilikuwa lilelile la kwenye picha, na kitasa kilekile cha shaba. Nje yake hakukuwa na kitu. Haukuwa ukuta wala giza. Ulikuwa weupe tu, kama karatasi ambayo haijaandikwa. Mama alifungua, akatoa mkono nje mpaka kwenye kiwiko, akaurudisha. Haukulowa wala haukupigwa upepo.

"Ziwa liko wapi?"

"Wamelichukua, mama. Kaa kwanza, upumzike."

"Nani kalichukua?"

"Ofisi. Liko stoo."

Binti alimweleza huku akimchemshia maji ya kukandia miguu. Alipouliza likizo yake ya muhula wa kwanza iko wapi, waliondoa ndege. Mwalimu wa chumba cha jirani alipoacha kazi, madarasa mawili yakaunganishwa, watoto mia moja na sita, naye akasema sauti yake haifiki nyuma, wakaondoa ng'ambo. Alipolala siku tatu kwa homa, wakaondoa maji. Kilichobaki kilikuwa mwanga wa jioni, na huo aliurudisha mwenyewe, maana haukuwa na pa kutua.

"Mkataba unaisha Ijumaa," binti alisema. "Yule mwalimu mkuu wa kwenye saruji bado ananingoja. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana, baada ya hapo anampa mtu mwingine. Begi nimeshafunga. Tutaondoka wote, mama, ukapaone na kule."

"Kwenye vumbi."

"Kwenye vumbi."

Mama alitundika mapazia juu ya ule weupe. Yalipungua vidole vinne.

Alhamisi binti aliondoka jua halijatoka. Mama alifagia chumba, akayapanga madaftari upya, akakaa, akasimama. Halafu alishuka ngazi akauliza stoo iko wapi. Ilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya jiko, mlango wa chuma. Mtunza stoo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, funguo shingoni, suruali ameikunja hadi magotini, kwa sababu sakafu ilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu.

"Karibu, mama. Vua viatu, humu panavuja."

Mandhari zilikuwa kwenye rafu, zimekunjwa kama mikeka, kila moja imefungiwa kitambaa chenye namba ya chumba. Nyingine zilikuwa zimeviringishwa nailoni. Moja ilikuwa inalia vyura. Ndege walikuwa pembeni, kwenye maboksi yaliyotobolewa matundu.

"Mmezitunza vizuri," mama alisema.

"Tunajitahidi. Shida ni panya. Wanapenda vilima."

Ya namba kumi na mbili ilikuwa rafu ya chini, nene, imefungwa kamba ya katani. Mama aliomba aione. Mtunza stoo alitazama mlangoni, akailegeza kidogo. Mama alichuchumaa, akaingiza vidole, kisha mkono mzima. Maji yalikuwa ya baridi na safi. Kitu kidogo kilimgonga kidoleni, kikaenda zake.

"Samaki," mtunza stoo alisema. "Huwa wanakuja na ziwa."

"Mdogo wangu, niazime jioni moja tu. Nimekaa kwenye basi siku mbili."

"Mama yangu, mimi ni wa kutoa na kupokea. Akisaini miaka miwili mingine linatoka siku hiyohiyo, na ndege wake, na ng'ambo yake. Asiposaini anapewa mwingine. Kuna binti anakuja Jumatatu. Nasikia mama yake amelipenda sana kwenye picha."

Mama alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Na wewe unapolala, dirisha lako linaonyesha nini?"

"Uani. Pipa la taka na nguo za watu." Mtunza stoo alikaza kamba kwa goti. "Hilo hakuna anayelitaka, kwa hiyo ni langu."

Binti alirudi jua limeshazama, chaki imemganda kwenye vidole, sauti imekwaruza. Mama alikuwa ameapa moyoni kutosema neno, na alijizuia mpaka chai ilipomiminwa.

"Nimeligusa," alisema.

"Umeligusa nini?"

"Ziwa. Zuri hilo! Picha ile imelionea."

"Najua, mama."

"Mimi sijasema kitu. Ila fundi cherehani tangu jana anataka picha nikiwa nalo. Nimemwambia mtandao unasumbua."

Binti alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. "Ungemwambia ziwa limesafiri kikazi."

"Wewe cheka. Nikirudi nitawaambia nini watu? Nimekaa siku tatu natazama karatasi?" Mama aliinua miguu yake kutoka kwenye beseni, akaitazama, akairudisha. "Lakini basi. Nimesema tu."

Binti naye aliitazama ile miguu. Ilikuwa imevimba mpaka alama za kamba za viatu zimebaki kama zimechorwa. Alivuta rundo la madaftari, akasahihisha mpaka chai yake ikapoa, na mkate wake ukabaki kwenye sahani.

Ijumaa aliondoka mapema kuliko jana.

Saa tatu asubuhi wapagazi wawili walipanda ngazi wamebeba ziwa mabegani, linadondosha maji korido nzima. Mtunza stoo aliwafuata na boksi la ndege.

"Hongera, mama. Amesaini leo, kengele haijagongwa."

Mama alisogeza meza kupisha. Kulitandaza kulichukua nusu saa, maana ng'ambo ilikuwa imejikunja, na mpagazi mmoja ilibidi ainyooshe kwa kiganja, kilima kwa kilima. Kimoja kilikuwa kimetafunwa ukingoni. Walipomaliza, mtunza stoo alifungua boksi, ndege weupe wakatoka mmoja mmoja, wakajipanga. Mama alivuta kiti akakaa.

Lilikuwa zuri. Hakuna sababu ya kusema vingine. Maji yalibadilika rangi kila wingu lilipopita, na upepo ulioingia ulikuwa na harufu ya majani mabichi. Chini kulia ilionekana shule yenyewe, jengo refu lenye madirisha mengi, na madirisha yote yalikuwa meupe, kwa sababu mandhari haikutolewa kwa madarasa. Mama alijifunga kitambaa kichwani vizuri, akajipiga picha sita, akatuma nne. Fundi cherehani alijibu papo hapo kwamba roho imemtulia kama vile ni yeye aliyefika.

Saa sita kasorobo simu ya binti ililia. Alikuwa ameiacha mezani, kwa sababu shule haikuruhusu simu kazini. Mama aliipokea, akaitika.

"Habari za huko, mama," ilisema ile sauti nzito. "Nimekutambua. Mwalimu hajanipigia, nikaona nimtafute mwenyewe kabla muda haujaisha."

"Amesaini huku," mama alisema. "Miaka miwili."

Upande wa pili kilisikika kiwanda kinasaga, na watoto wanaimba namba.

"Kwa kupenda kwake?"

Mama alitazama maji. "Ndiyo."

"Haya. Nafasi nitampa mwingine, siwezi kuwaacha watoto wakae bure. Niambie jambo moja tu, mama. Koo lake limepona? Aliniambia siku hizi hata chakula kinapita kwa shida, kwa kupaza sauti kutwa."

Mama alikuwa amekaa na binti yake siku ya tatu hiyo, na habari ya koo ndiyo kwanza anaisikia. Mkate wa jana ulikuwa bado kwenye sahani.

"Limepona," alisema.

"Nashukuru. Msalimie sana."

Simu ikakatika. Mama aliiweka mezani. Saa sita ilipofika alikuwa bado anaitazama, na ilipopita aliuchukua mkate, akauloweka kwenye chai ya moto, akauonja kama umelainika, akaufunika.

Binti alirudi wakati ziwa limekuwa jekundu lote. Hakulitazama. Alikaa kitandani, mgongo kwa dirisha, akaanza kuvua viatu.

"Asante kwa ziwa, mwanangu," mama alisema.

"Umelifurahia?"

"Sana." Mama alimsogezea bakuli la mkate. "Yule mwalimu mkuu wa kwenye saruji amepiga."

Binti alibaki na kiatu kimoja mkononi. "Amesema nini?"

"Ameuliza koo lako."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia limepona."

"Umefanya vizuri," binti alisema, kwa sauti ambayo mama ilibidi aisogelee ili aisikie. "Angebaki na wasiwasi."

Alikula vijiko viwili, akajilaza kuelekea ukutani, kiatu cha pili kikiwa bado mguuni. Mama alikifungua, akakivua, akakiweka sambamba na mwenzake. Kisha alirudi kwenye kiti. Ndege walipita kwenda ng'ambo kwa mara ya sita tangu asubuhi, walewale kumi na mmoja, kwa mpangilio uleule, wa mwisho amechelewa palepale. Mama aliwatazama mpaka wakamalizika, kwa sababu walikuwa wazuri, na kwa sababu walikuwa wameshasainiwa.