Sakafu ya Choo cha Githinji

Wewe unayesoma huku umeziba pua, geuza uso huku. Umepita mtaa huu wa mabanda wa Lindi mara ngapi ukiangalia viatu vyako tu?

Mwaka huu wa sabini na nane, Githinji wa Kawangware ana vyumba kumi na viwili Lindi, na choo kimoja cha shimo. Sakafu yake ni magogo yaliyofunikwa udongo. Githinji si mwongo. Anaamini kwa moyo wote kwamba magogo yale ni mazima, na imani hiyo anaitunza kama ng'ombe wa gredi wa bei ghali: hainyeshewi. Mwaka wa sitini na tisa aliuamini ukuta wa chumba cha tisa vivyo hivyo. Ulipomwangukia mbuzi wa mpangaji wake Nabalayo, akasema ni upepo.

Jumamosi moja wapangaji walimleta Shivachi, fundi seremala, agonge magogo kwa nyundo asikilize kama mchwa wameyala. Githinji akamzuia mlangoni.

"Fundi, huo ni mti wa mutamaiyu, mgumu kama chuma. Mchwa hawaugusi."

"Uliuona ukikatwa, mzee?"

"Aliyeniuzia ni mzee wa kanisa!"

"Basi nigonge mara moja tu."

"Kugonga ni kumshuku mtu wa Mungu."

Musimbi wa chumba cha tatu, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amesimama hapo na kopo lake la maji. "Mzee, anayechuchumaa pale juu ni mimi, si mzee wa kanisa. Sakafu inayumba."

"Mama, ni wewe umeongeza uzito." Akacheka peke yake.

Lakini asubuhi hiyo Githinji alikuwa amekula matumbo kibandani, mtaa wa jirani wa Kisumu Ndogo. Kabla hajamaliza kucheka, tumbo likamkata. Akashika mshipi. Musimbi, kwa heshima zote, akamfungulia choo, akamnyooshea kopo.

"Karibu, mzee. Ni mutamaiyu."

Githinji akaitazama sakafu. Mguu mmoja ukaenda mbele, ukarudi wenyewe. Halafu mzee huyo wa miaka sitini akatoka mbio mpaka choo cha baa, koti likipepea, ploti nzima ikimpigia makofi.

Alirudi ametulia. "Sikutaka kuwachafulia," akasema. Na hilo pia aliliamini.

Shivachi akafukuzwa. Sakafu haijaanguka, na Githinji anasema huo ndio ushahidi. Hata isimame miaka ishirini, mguu wake ulishatoa ushahidi mbele ya watu wote.

Musimbi bado anaingia, mkono mmoja umeshika mlango, mwingine tumbo. Shivachi anakaa nyuma ya banda la makaa. Inuka sasa hivi, kaazime nyundo yake, ukagonge kabla mama huyu hajaingia tena.