Samaki wa Ambroise Hana Chumvi

Mwezi wa tano mume wangu Ambroise alirudishwa kutoka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, amekwisha kuvaa ile nguo ya kijani ya hopitali, jicho limekwisha kutiwa matone. Jicho lake la kushoto lilizimika zamani. La kuume ndilo lililobaki, nalo lilikuwa kama kioo cha dirisha chenye moshi. Waganga wa macho waliotoka Lubumbashi walitaka kuliondolea mtoto wa jicho. Lakini infirmier, muuguzi wao, alipomfunga mkono na kupima tension ya damu, alikuta kumi na tisa kwa kumi na moja. Akapima tena. Akaenda kumwita daktari.

Daktari alisema kwa upole kwamba damu ikipiga kwa nguvu namna ile, jicho likifunguliwa linaweza kupotea palepale mezani. Wao watarudi Likasi baada ya wiki sita. Tension ikiwa imeshuka chini ya kumi na sita, watamfanyia upasuaji. Isiposhuka, ni kungojea mwaka ujao, na kwa jicho kama lile, mwaka ujao hakuweza kuahidi kitu.

Nikauliza tufanye nini. Akampa vidonge, kimoja kila asubuhi, kisha akanihesabia vyakula kwa vidole. Bitoyo, basi kabisa, maana samaki yule aliyekaushwa kwa chumvi ni chumvi yenye miiba tu. Cube za mchuzi, basi. Vya kukaanga, basi. Ale majani, matunda, na samaki mbichi mwenye nyama nyeupe, wa kuchemsha au wa mvuke, mafuta kijiko kimoja, chumvi hapana. Ambroise alikuwa anasikiliza amekunja uso. Mtu aliyefanya kazi kwenye reli miaka thelathini na moja, akibeba bukari, ugali wetu, na bitoyo katika gamela yake ya bati kila siku, ukimwambia samaki bila chumvi ni kama unamwambia aende kanisani bila suruali.

Nyumba yetu iko mtaa wa Shituru, hapa Likasi, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi, zenye jiko nje, karibu na ukuta. Tunakaa watu wanne siku za kazi: Ambroise na mimi, wifi yangu Michelle ambaye ni dada mdogo wa Ambroise na mjane, na Arlette, mke wa mtoto wetu Clovis. Clovis mwenyewe anafanya kazi Kambove, anarudi Jumamosi. Asubuhi mimi naenda kwenye bustani ya mboga kando ya kijito, kwa hiyo chakula cha saa sita ni cha mkono wa Arlette. Nikaona nimfundishe vizuri.

Tulikwenda sokoni pamoja. Nilimwonyesha kuchagua tilapia: jicho liwe limejaa na linang'aa, mashavu ndani yawe mekundu, ukimbonyeza kwa kidole nyama irudi. Muuzaji umuulize samaki ametoka maji gani, na umtazame usoni wakati anajibu, kwa sababu si maji yote ya upande wetu wa migodi ninayoyaamini. Mwenye kusitasita, muache na samaki wake.

Nyumbani unatoa magamba, unapasua tumbo, na ile ngozi nyeusi ya ndani unaiparura yote, maana ndiyo inayotia uchungu. Unamuosha kwa maji ya ndimu. Unamchanja mara tatu kila upande ili moto uingie, unamtia kitunguu, nyanya, majani ya céleri na tangawizi iliyopondwa, unamlaza juu ya jani la mgomba katika sufuria ndogo yenye maji vidole viwili, unafunika, na mbabula, lile jiko la makaa, iwe na moto wa wastani. Moto mkali unavunja nyama. Ameiva pale nyama inapoachana na mfupa na ni nyeupe mpaka ndani. Ikiwa bado inang'aa kama kioo, rudisha, samaki mbichi ana magonjwa yake. Mwisho ni miiba. Ambroise haoni, kwa hiyo Arlette anapitisha vidole katika kila kipande kabla hajamtilia sahani.

Neno la mwisho nililomwambia ni hili: chumvi isikae tena kwenye ubao pamoja na nyanya na mafuta, maana mkono una mazoea, unachota wenyewe. Aiweke mbali. Arlette, mtoto wa heshima, akakichukua kikopo cha chumvi akakiweka juu ya jiwe, pembeni ya mbabula. Nikaridhika, nikaenda zangu bustanini.

Siku zikapita vizuri sana. Ambroise, ambaye kwake nilitegemea vita, alikuwa anamaliza sahani. Jumapili tu, siku ninayopika mimi, alikuwa anachokora, anasukuma vipande huku na huku. Nikamuuliza ubaya uko wapi.

"Mama Clovis," akasema, "weye unapikaka muzuri. Lakini samaki ya Arlette iko na roho."

Nilicheka. Lakini niseme kweli, neno lile lilinichoma. Miaka arobaini na tisa ninampikia mtu huyu, na mtoto wa juzi anaupita mkono wangu kwa samaki yuleyule, ndimu ileile. Nikasema moyoni, basi, ujana una utamu wake.

Wiki ya tatu ilipokwisha nikampeleka kupima. Kumi na nane na nusu.

Infirmier aliangalia vidonge tulivyobakiza, akahesabu, akakuta anameza sawasawa. Halafu akaniangalia mimi, si Ambroise, akasema mzee anakula chumvi mahali fulani, nipatafute. Njiani kurudi nilikuwa nafikiri jirani yetu Damas. Kila siku baada ya kula, Ambroise anakwenda kwa Damas kucheza dame, yaani drafti, Damas anamsomea vipande kwa sauti na yeye anahamisha kwa kupapasa. Na mke wa Damas anakaanga bitoyo, harufu inafika mpaka kwetu. Tulipofika nyumbani nikamwambia wazi kwamba mchezo umekwisha mpaka siku ya jicho.

Hakupiga kelele. Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Tangu banisemea kule hopitali, sikukulaka ata kipande moya ya bitoyo. Juu ya nini hauniamini?"

Nikamjibu kwamba mashine ya tension haina ubaya na mtu. Toka siku ile akawa anakaa barazani peke yake, uso ameuelekeza upande wa nyumba ya Damas, akisikia vipande vya dame vikigongwa. Damas alikuja mara mbili kumwita. Mara ya pili mimi ndiye niliyemrudisha, na nilimrudisha vibaya.

Bado wiki tatu, halafu bado mbili na nusu. Usiku nililala nikihesabu. Bitoyo hakuna tena, Damas hakuna tena, lakini Ambroise bado alikuwa anaamka na kichwa kizito na masikio yanayolia, na bado alikuwa anamaliza samaki wa Arlette na kuchokora wangu. Hapo ndipo akili yangu, inayotembea polepole, ilipofika. Jumanne nikasema mguu unaniuma, siendi bustanini. Mguu haukuwa unauma. Nilikaa chumbani, kwenye dirisha linaloangalia jiko.

Arlette alifanya kila kitu kama nilivyomfundisha. Nilitazama vidole vyake kama mwalimu anayetazama daftari. Ngozi nyeusi ya tumbo aliiparura vizuri kuliko mimi. Kikopo cha chumvi kilikuwa juu ya jiwe, hakukigusa. Akafunika sufuria, akachukua vyombo, akaenda kuviosha kwenye robinet, bomba la maji nyuma ya nyumba.

Ndipo Michelle akatoka chumbani kwake. Akainua kifuniko. Akaangalia samaki, akaangalia kikopo, akavuta pumzi ya huzuni. Akachota kwa vidole vitatu, akanyunyiza. Akakoroga mchuzi, akadondosha kidogo kwenye kiganja, akaonja, akaongeza. Kisha akapiga ishara ya msalaba, akafunika, na akatikisa kichwa kama mtu aliyetoka kumwangalia mgonjwa.

Nilisimama pale dirishani na nikaelewa yote kwa mara moja.

Kwetu, mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi katika chakula cha watu. Anaweza kuosha, kukata, kuchemsha, lakini chumvi hapana. Anakiweka kikopo pembeni ya moto na anaondoka. Mwanamke mkubwa ndani ya nyumba, ambaye mambo hayo yamempita, akikiona pale anatia chumvi, na hakuna anayeuliza wala anayejibu. Mama yangu alifanya hivyo, mama yake Ambroise vilevile. Wengine sasa wanasema ni mambo ya giza, na wao wenyewe mikono yao bado inafanya. Na mimi ndiye niliyemwambia Arlette aiweke chumvi mbali na chakula, na mahali alipoiweka palikuwa pale pale pa ile ishara.

Nilitoka nje, nikaketi kwenye kigoda karibu na Michelle. Sisi tunaitana mulamu.

"Mulamu," nikamwambia, "ile chumvi unamutilia nani?"

Akainamisha macho kwa aibu, si ya kosa, ni aibu ya kulazimishwa kusema lisilosemwa. Akajibu kwa sauti ndogo, "Minye nilizani mutoto iko mu siku yake."

"Wiki ine, mulamu?"

"Njo ile ilinitesa roho. Nilisema huyu mutoto iko na ugonjwa ya damu, na anaogopa kusema. Njo nilimupikiaka ile dawa ya mizizi. Njo nilikuwa nasali."

Nikakumbuka kikombe cha asubuhi, kile cha maji ya kahawia ambacho Arlette alikuwa anakunywa amefumba macho. Niliwaza ni mambo yao. Kumbe Michelle alimpa bila maneno, na Arlette akanywa bila maneno, kwa sababu shangazi wa mume akikupa kikombe unakunywa. Nilimweleza Michelle mambo ya daktari tena, pole pole: chumvi hapana, hata kidogo, hiyo ndiyo sababu kikopo kiko pale. Yeye alijua bitoyo zimekatazwa. Chumvi ya sufuria hakujua. Siku ya daktari alikuwa kwenye matanga mtaa wa Panda, na mimi niliporudi nilimfundisha Arlette, sikumfundisha yeye.

Michelle alikaa chini kwenye udongo na kitambaa chake kizuri. Akasema anamuua kaka yake kwa mkono wake, kaka aliyemlea. Arlette akarudi na vyombo, akatukuta hivyo, mmoja analia na mwingine ameshika kifuniko. Nilimweleza. Kwanza akafunika uso kwa aibu, halafu mabega yakaanza kutetemeka, na nilipoangalia vizuri alikuwa anacheka.

"Minye nilizani ile mizizi ni ya kupata mutoto," akasema.

Hapo hata Michelle alicheka, machozi yakiendelea kushuka.

Kwa Ambroise nilikwenda peke yangu. Mambo ya wanawake sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba chumvi ilikuwa inaingia jikoni, kwamba kosa la kutoeleza watu ni langu, na kwamba kwa Damas nilimsingizia. Akapapasa goti lake.

"Basi munipe ile ya leo," akasema. "Kesho tutaanza."

Nikamnyima. Yule samaki nilimla mimi, na kweli alikuwa mtamu.

Kisha nikavuka ua kwenda kwa Damas, nikaomba msamaha mbele ya mke wake. Jioni ileile vipande vya dame vikaanza kugongwa barazani kwetu.

Wiki mbili zile zilikuwa ngumu. Siku ya kwanza Ambroise alitafuna, akatulia, akasema samaki huyu alikufa mara mbili. Tukaongeza ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, lenga-lenga, mchicha wetu, pembeni. Kilichomsaidia si hivyo vyote. Ni kwamba Michelle alichukua kigoda akakaa mbele yake, na kila saa sita akala samaki yuleyule bila chumvi, kutoka sahani moja, kama walipokuwa watoto. Akilalamika kaka, na yeye dada analalamika zaidi, mpaka kaka anamfariji.

Siku ya hopitali mashine ilisema kumi na sita na nusu. Nilishika ukuta. Infirmier akatuambia tukae, mzee apumue, asiongee. Dakika kumi na tano. Michelle alikuwa anahesabu kwa midomo. Akapima tena: kumi na tano kwa tisa. Akaandika, akamshika Ambroise mkono, akampitisha mlango ule.

Kesho yake asubuhi daktari alifungua bandeji mbele yetu. Jicho lilikuwa jekundu na lilitoa machozi. Daktari akainua mkono, akamuuliza ni vidole vingapi.

Ambroise alichukua wakati wake. "Bitatu," akasema. "Na ile ya katikati, kucha iko murefu."

Daktari akageuza mkono wake, akaangalia. Michelle akatoka nje mbio na kitambaa mdomoni. Mimi nilibaki pale kwenye benchi, nikafungua kilemba changu na kukifunga upya haraka haraka, kwa maana Ambroise alikuwa ameanza kugeuza kichwa upande wangu.