Pini Kwenye Utepe

Niliutandaza utepe wangu wa kupimia nguo juu ya meza ya muuguzi. Una sentimita mia moja na hamsini, nami fundi cherehani niliugeuza kalenda: kila sentimita siku moja, kila siku ya damu pini moja. Miezi mitano ilikuwa pale, na bado sikuambulia mpangilio wowote. Hapa pini tisa zimefuatana kama siafu, pengo dogo, pini kumi na moja, kisha patupu karibu miezi miwili, nilipodhani nina mimba nikaanza kushona vijifulana vya mtoto wa pili. Halafu pini tena.

“Siku nzito, pedi unabadilisha baada ya muda gani?” aliuliza muuguzi.

“Kila saa. Nalala juu ya taulo.”

Mama, aliyempakata binti yangu, alicheka. “Hiyo ni damu ya ukoo, dada yangu. Bibi yake hivyo, mimi hivyo. Wanawake wa kwetu tumejaliwa.”

“Mmejaliwa na kizunguzungu pia, mama?” muuguzi alimuuliza.

Mama akamweka mtoto vizuri mapajani.

Muuguzi alinivuta chini kope, akatazama, akaandika. Huenda ni homoni, alisema, huenda ni uvimbe kwenye kizazi; hatataja jina la ugonjwa kabla ya kipimo cha damu na picha ya tumbo.

“Na mtoto wa pili?”

“Sijakuahidi, wala sijakunyima. Kwanza tujue.”

Nilitoka kichwa kikiniwanga. Mteja akiniambia gauni linambana, simwambii hata la bibi yake lilimbana, nampima. Mwili wangu mwenyewe niliuchomekea pini miezi mitano bila kumwonyesha mtu. Ulikuwa uvumilivu ule, au woga uliovaa nguo za uvumilivu?

Kwenye benchi, tukisubiri kutolewa damu, Mama aliushika utepe, akawa anazipapasa pini moja moja.

“Unaanzia wapi kuhesabu?”

“Kwenye moja, Mama. Kwani vipi?”

Alimfunika mtoto masikio, kana kwamba kitoto cha miezi kumi kingeelewa.

“Mimi nilishakoma hedhi. Mwaka wa tatu huu. Juzi imerudi. Nikasema, labda ujana.”

Akaninyooshea kiganja.

“Hebu nipe pini moja.”

Nilimtazama, nikautazama mlango wa muuguzi. Ulikuwa bado wazi.